Kutoka Mbezi hadi Machame: safari ya kumkumbuka Mzee Mengi

Safari hii ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2025. Nimeiandika baada ya kurudi Dar es Salaam, nikisaidiwa na daftari lililolowa mvua pembeni na picha za simu zilizonikumbusha kipi kilitangulia. Vijana wa usharika wetu waliniomba nizungumze nao kuhusu mtu aliyefanya biashara, akautumikia umma na akabaki mtu wa kanisa. Mimi ni mhasibu kwa kazi na mtunza hazina wa usharika kwa kujitolea, hivyo jina lililonijia mara moja ni la mhasibu mwenzetu, Dk. Reginald Abraham Mengi, mwanzilishi wa kampuni za IPP na televisheni ya ITV, aliyefariki Dubai tarehe 2 Mei 2019 na kuzikwa kwao Machame, mkoani Kilimanjaro, siku ya Alhamisi, tarehe 9 Mei.

Ningeweza kukusanya magazeti ya zamani nikayapanga. Lakini magazeti yanamweleza Mengi wa televisheni na Mengi wa mabilioni, na huyo vijana wetu tayari wanamjua. Nilitaka kuona ni mahali gani panapomlea mtoto akakua akijua kwamba duka, ofisi ya umma na kanisa vinaweza kukaa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Nikaitumia sikukuu ya Mei Mosi na wikiendi iliyoifuata, nikapanda basi.

Alhamisi, 1 Mei: Mbezi hadi Moshi

Saa 11 alfajiri Stendi ya Magufuli pale Mbezi ilikuwa imeshajaa watu kama mchana. Tikiti nilikata mapema, shilingi 40,000, basi la daraja la kati. Anayesafiri kwenda Kilimanjaro kipindi cha sikukuu asingoje siku ya safari, maana siti huisha na wapiga debe wanapandisha bei kwa mtu wanayemwona ana haraka. Na ukipata nafasi ya kuchagua, omba dirisha la upande wa dereva. Kuanzia Korogwe milima yote, Usambara, Upare na mwishowe Kilimanjaro yenyewe, iko upande huo.

Kibaha, Mlandizi, Chalinze na Msata zilipita gizani na usingizini. Nilipoamka tulikuwa tunavuka daraja jipya la Wami, na kijana mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake jinsi malori yalivyokuwa yakingojeana kwenye lile daraja jembamba la zamani. Kule Mkata na Segera wauza machungwa walikimbilia madirishani. Mfuko mmoja shilingi 2,000, matamu kweli. Korogwe tulisimama kula: wali na kuku shilingi 8,000, chai shilingi 1,000, dakika ishirini za kondakta ambazo kila mtu anajua ni kumi na tano.

Baada ya Hedaru mkanda wa feni ukakatika. Dereva aliegesha basi chini ya mgunga, jua la tambarare za Same likiwa kali japo huku mjini tulikuwa tumeacha masika. Fundi aliitwa kutoka Same, akaja na bodaboda, akakuta mkanda aliokuja nao si saizi yake, akarudi tena. Saa tatu ziliondoka hapo. Mama mmoja mwenye kibanda cha miwa ng'ambo ya barabara aliwatolea wazee viti vyake vyote na ndoo ya maji ya kunywa, akakataa kulipwa. Abiria mmoja alipomsisitizia noti, alisema, "Baba, maji hayauzwi kwa mtu aliyekwama." Tukanunua miwa yake mpaka ikaisha.

Kwenye kile kivuli nilikaa na mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda Usangi. Nilipomweleza ninakokwenda na sababu yake, alitikisa kichwa akiridhika, akaninyooshea mkono kuelekea milima ya Upare. "Na sisi tunaye wetu kule juu, Mzee Msuya," akasema. Alikuwa anamzungumzia Mzee Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995. Tukalinganisha njia zao. Mmoja alibaki ndani ya serikali katika miaka ambayo Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na biashara yake. Mwingine alikaa nje ya serikali, kwenye meza ya ukaguzi wa hesabu, akawa mfanyabiashara baadaye. "Wote wawili," mwalimu akasema, "kanisani wanakaa benchi moja." Niliandika maneno hayo papo hapo nisije nikayapoteza.

Mwalimu alishuka Mwanga. Tuliingia Moshi saa 2 usiku badala ya saa 10 jioni. Binti aliyekaa siti ya nyuma yangu, mwanafunzi wa uuguzi, alikataa niende kutafuta nyumba ya wageni peke yangu usiku ule. Alinisindikiza kwa miguu hadi mlangoni, akahakikisha chumba kina maji ya moto, ndipo akaondoka. Chumba shilingi 35,000 pamoja na kifungua kinywa. Nilikula mtori bakuli moja, shilingi 3,000, nikalala.

Ijumaa, 2 Mei: Moshi mjini

Siku hiyo ilikuwa inatimia miaka sita tangu kifo chake. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na saa 1 asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilionekana yote, nyeupe, kwa muda wa chai moja tu kabla mawingu hayajaifunika. Anayetaka picha ya mlima mwezi wa Mei aamke mapema, asiahirishe kwa kusema nitapiga mchana.

Nilianzia Kanisa Kuu la KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), usharika wa Moshi Mjini, ambako ibada ya mazishi ilifanyika. Lilikuwa wazi. Mama aliyekuwa anafagia kati ya mabenchi alinikaribisha nikae kadiri ninavyotaka. Nilikaa. Nilikumbuka Jumanne ya tarehe 7 Mei 2019 pale Karimjee, Dar es Salaam, tulipopanga foleni kumuaga. Mbele yangu walikuwa watu wa viti vya magurudumu na wenye magongo, wengi, wakipishwa na kila mtu bila kuombwa. Kwa miaka mingi Mengi alikuwa akiwaandalia watu wenye ulemavu chakula cha pamoja jijini, yeye mwenyewe akiwa kati yao, na ile foleni ilikuwa jibu lao. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa kama miaka kumi alituambia mtoto huyo ana kovu kifuani kwa sababu ya upasuaji wa moyo. Mengi alijulikana kwa kugharamia watoto waliopelekwa India kwa upasuaji wa aina hiyo. Hatukumuuliza zaidi, wala haikuhitajika.

Kutoka kanisani nilitembea hadi jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, nikanywa kahawa kwenye mgahawa wao wa Union. Kikombe kizuri, shilingi 5,000, na ni kahawa ya wakulima wenyewe. Naomba anayepita Moshi asikose kuingia hapo, kwa sababu bila kahawa huwezi kuwaelewa watu wa mlima huu. Chama cha kwanza cha wakulima wazalendo wa kahawa Kilimanjaro, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikakifuata mwaka 1933. Fedha za kahawa zilijenga shule, zikapeleka vijana masomoni, zikanunua mabati ya makanisa. Mtu aliyeaminiwa kupima kahawa ya wenzake ndiye aliyeaminiwa kuhesabu sadaka yao. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa nchini mwaka 1976, wazee waliumia kama watu walionyang'anywa kitu cha nyumbani, na hadi leo ukikaa nao mgahawani watakueleza.

Mengi alizaliwa katika ulimwengu huo miaka ya 1940, kwa Mzee Abraham na Mama Ndeekyo, katika nyumba ya udongo ambayo, kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi, watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Alisoma shule za kijijini, akaenda Siha, kisha Old Moshi Sekondari. Akapata nafasi ya kusomea uhasibu Scotland, akarudi nchini mwaka 1971 akiwa mhasibu kamili, akaingia kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand na hatimaye akawa mwenyekiti wake hapa Tanzania. Hicho ndicho kipande cha maisha yake ninachokipenda kuliko vyote, ingawa hakisimuliwi sana. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukagua vitabu vya watu wengine na kuweka sahihi yake chini ya ukweli. Mkaguzi anaona kila aina ya udanganyifu wa biashara kabla hajaanza biashara yake mwenyewe.

Biashara yenyewe ilianza na kalamu za wino. Wenye umri wangu wanakumbuka uhaba wa miaka ya 1980: sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi, kalamu inaazimwa darasani. Mengi aliagiza vipande vya kalamu na kuviunganisha nyumbani kwake, na watu wakanunua. Kutoka hapo ikakua IPP, ambayo kirefu chake kilihusu kukuza miradi ya viwanda, ikiwa na sabuni, dawa za meno, vinywaji vya Bonite hapa hapa Moshi, na baadaye habari. Radio One na ITV zilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, nyumba nyingi za Tanzania Bara hazikuwa na televisheni ya kutazama, hata kama zingekuwa na fedha ya kuinunua.

Mchana mvua ikarudi na kufunga mambo yote. Nikashinda chumbani nikipanga maswali yangu.

Jumamosi, 3 Mei: kupanda Machame

Daladala za Machame zinapakia stendi kuu ya Moshi. Nauli shilingi 2,000, na gari haliondoki mpaka lijae, halafu linaondoka likiwa limejaa kupita kujaa. Tulifuata barabara ya Arusha kama kilomita 12, tukakata kulia kwenye njia panda, tukaanza kupanda. Hewa inabadilika upesi. Njia panda watu walikuwa wamefungua vioo vyote, na kabla hatujafika nusu ya kilima mama mmoja ameshamfunga mtoto wake kitenge cha pili.

Lami ni nzuri hadi juu, na ndiyo inayotumiwa na wapandaji wa Kilimanjaro wanaokwenda lango la Machame. Lakini ukishatoka kwenye lami kuingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani ya Wachaga, Mei ni mwezi wa tope. Viatu vya mjini viache Moshi. Nilinunua buti za mpira kwenye duka la pembejeo, shilingi 15,000, na ziliniokoa.

Nilipokewa na mama wa mfanyakazi mwenzangu, mjane wa umri wa miaka zaidi ya sabini. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, na kabla sijaweka begi chini alishaniwekea kiburu, chakula cha ndizi na maharage, mezani na maziwa mgando kwenye kibuyu. Kihamba chake kina migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini ya kahawa, na ng'ombe wawili wa ndani wanaokatiwa majani. Kahawa ilikuwa bado kijani. Uvunaji huanza kushika kasi katikati ya mwaka, na anayetaka kuona watu wakichuma na kuanika aje Julai au Agosti.

Jioni, mvua ilipotulia, alinipeleka Nkwarungo. Hapo ndipo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliweka kituo mwaka 1893, na kanisa la Machame likaanzia hapo, likafuatwa na shule na hospitali. Ukisimama kwenye kiwanja utaona kwamba mtoto wa miaka ya 1950 hakuhitaji kuambiwa kuwa kanisa linahusika na elimu na afya. Alivipita vyote kwa miguu kila siku. Mama aliniambia, "Sisi tulibatizwa hapa, tukatibiwa hapa, na fedha ya kahawa ya baba ililetwa hapa hapa kulipa ada."

Nilimuuliza kuhusu siku ya mazishi. Alisema barabara ilijaa magari tangu alfajiri, watu wakaacha magari chini wakapanda kwa miguu, na wanawake wa jumuiya walipika ndizi usiku kucha kwa ajili ya wageni wasiowajua. "Msiba ni wa kijiji," akasema, "hata kama marehemu ni wa nchi nzima."

Naomba niseme jambo hapa kwa wanaofikiria kufuata njia hii. Mengi alizikwa nyumbani kwao. Hilo ni eneo la familia na si kivutio cha watalii. Sikwenda kaburini wala sikuomba kupelekwa. Kama una uhusiano na familia, taratibu zipo. Kama huna, kanisa liko wazi, barabara ni ya wote, na miti aliyoisimamia ipo kila mahali.

Maana kuhusu miti kuna mengi. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira, NEMC, na kampeni ya upandaji miti aliyoiongoza hapa Kilimanjaro ilipandisha mamilioni ya miche. Katika orodha ya utumishi wake wa umma, hicho ndicho kitu ambacho unaweza kukigusa kwa mkono. Vikao na bodi zimepita: bodi ya wahasibu, shirikisho la wenye viwanda, taasisi ya sekta binafsi, umoja wa wamiliki wa vyombo vya habari. Mwaka 2009 alisimama mbele ya waandishi akawataja watu aliowaita mafisadi papa, na kelele zake zilivuma nchi nzima. Lakini kwenye mteremko ule nilioneshwa mstari wa miti iliyonyooka, shina lake mtu mzima hawezi kulikumbatia, na kijana aliyekuwa anapita na mzigo wa majani akasema ilipandwa na wanafunzi akina mama yake walipokuwa shule ya msingi. Dayosisi ya Kaskazini nayo iliendelea na kazi hiyo. Askofu Fredrick Shoo, ambaye wakati wa mazishi alikuwa Mkuu wa KKKT, anajulikana kwa jinsi alivyoifanya miti kuwa sehemu ya mafundisho ya kanisa lake, hata watoto wa kipaimara wakashika miche.

Jumapili, 4 Mei: ibada na mnada

Kengele ililia mapema, na kabla ya saa 3 asubuhi njia zote za vihambani zilikuwa na watu wenye miavuli. Wengi hawakwenda mikono mitupu. Huyu mkungu wa ndizi kichwani, yule kuku kwapani, bibi mmoja alikuwa na mfuko wa mayai aliouficha ndani ya kanga usilowe. Mwenyeji wangu alibeba chupa kubwa ya maziwa. Mimi nilikuwa na bahasha, na mara ya kwanza maishani mwangu bahasha ilionekana ndogo.

Ibada ilikuwa ndefu na nzuri. Kwaya tatu na matarumbeta, ambayo kwa Walutheri wa Kilimanjaro ni kama sauti ya pili ya kanisa. Jumapili zile baada ya Pasaka zina nyimbo za furaha, na wazee waliziimba Kimachame bila kufungua kitabu.

Kisha yakaja matangazo. Watu wa mjini wengi huanza kutafuta funguo za magari wakati huu. Hapa hakuna aliyeinuka. Katibu alisoma sadaka ya Jumapili iliyopita, jumuiya kwa jumuiya, hadi shilingi mia ya mwisho. Alisoma mapato ya ujenzi, matumizi ya saruji na usafiri wake, na kiasi kilichobaki. Mzee mmoja wa benchi la tatu alinyoosha mkono akauliza kwa nini bei ya mchanga imepanda kuliko ya mwezi uliopita. Katibu akajibu kwamba barabara ya machimbo imekatika kwa mvua, lori linazunguka. Mzee akaridhika, akakaa. Hakukuwa na ukali wowote, na hakuna aliyeshangaa kwamba swali limeulizwa.

Mimi nilishangaa. Nimekaa kwenye mikutano ya makampuni makubwa ambako hesabu zinapita bila mtu kuuliza chochote, na hapa mkulima wa kahawa anafuatilia bei ya mchanga mbele ya madhabahu.

Baada ya baraka, watu wote walihamia kiwanjani, na mnada ukaanza. Kwa asiyeujua, vitu vyote vilivyotolewa kama sadaka vinauzwa hapo hapo, na fedha inaingia kwenye mfuko wa usharika. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti inayofika hospitali. Mkungu wa kwanza ulianza shilingi 5,000. Sita. Nane. Kumi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasema 20,000, akapewa, akalipa, halafu akasema, "Rudisheni." Ukanadiwa tena. Mwalimu wa sekondari akaununua 12,000, naye akaurudisha. Mara ya tatu ulichukuliwa na kijana aliyetoka Arusha kuwasalimia wazazi wake, 15,000, na huyo akaenda nao kwa mama yake. Mkungu mmoja uliingiza shilingi 47,000, na kila kiasi kiliandikwa daftarini na msichana wa kidato cha nne, huku mhasibu wa usharika amesimama nyuma yake akiangalia anavyoandika.

Mayai ya yule bibi yalipofika, mnadi hakusema ni ya nani. Yalipanda hadi 30,000. Nilimtazama bibi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya mti, amefumba mikono, anatabasamu tu. Mayai kumi yaliyotoka kwenye banda lake yalikuwa yamenunua mfuko wa saruji na zaidi ya hapo, na mtu aliyelipa ni mfanyabiashara ambaye siku ya Jumatatu bibi huyo huyo ataenda dukani kwake kununua misumari kwa bei ya kawaida.

Hapo nilipata nilichopanda mlima kukitafuta. Mtoto anayekua akihudhuria mnada kila Jumapili anaona mambo ambayo chuo cha biashara humfundisha mtu kwa vipande vipande. Anaona bei ikipanda kwa ushindani. Anaona daftari likiandikwa mbele ya macho ya watu wote. Anaona mwenye uwezo akiitwa kwa jina, bila aibu, atoe kadiri alivyopata, na mwenye duka akikubali kwamba faida yake ina wenyewe wengine. Na anaona kwamba aliyetoa mayai na aliyetoa fedha wamekuwa sawa. Nilipowaza chakula kile cha kila mwaka cha watu wenye ulemavu, tajiri akila meza moja na wageni wake mbele ya kamera za televisheni yake mwenyewe, sikukiona tena kama hisani ya bilionea. Nilikiona kama kiwanja hiki, kimehamishiwa kwenye ukumbi wa Dar es Salaam.

Nilinunua maziwa ya mwenyeji wangu kwa shilingi 10,000, nikamrudishia yeye mwenyewe. Alicheka, akasema, "Basi utakunywa chai ya maziwa ya mnada." Tukanywa, pamoja na ndizi nyama, majirani wakiingia na kutoka hadi giza. Mmoja wao, aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, alinionesha stakabadhi za mkulima za miaka ya 1960 alizozitunza kwenye bati la biskuti, kila moja ina uzito, daraja na sahihi mbili. Aliniruhusu kuzipiga picha. Hizo ndizo picha ninazozithamini kuliko zote za safari hii, kuliko hata ya Kibo.

Kwa atakayekwenda: mnada wa kawaida unafanyika karibu kila usharika wa mlimani, na mgeni anakaribishwa. Nenda na noti ndogo ndogo. Ukitaja bei ukashinda, lipa hapo hapo. Usipige picha za watu bila kuomba, hasa wazee.

Jumatatu, 5 Mei: kurudi

Basi la asubuhi, hakuna kilichoharibika, Dar es Salaam saa 11 jioni.

Baada ya kurudi

Siku mbili baadaye, tarehe 7 Mei, tulisikia kwamba Mzee Cleopa Msuya amefariki, akiwa na miaka 94. Alizikwa Usangi tarehe 13. Nilimkumbuka mwalimu wa pale chini ya mgunga, na kwa kuwa tulibadilishana namba kabla hajashuka Mwanga, nilimpigia kumpa pole. Alikuwa tayari amepangiwa kazi kwenye kamati ya mapokezi ya wageni. Aliniambia ndizi zimeanza kukusanywa kijiji kizima.

Mazungumzo na vijana wetu yalifanyika Jumapili ya tarehe 11. Sikuanza na ITV. Nilianza na kalamu, nikarudi nyuma kwenye ukaguzi wa hesabu, nikawaonesha zile stakabadhi za kahawa kwenye ukuta, nikamalizia na mayai ya bibi. Maswali yalikuwa mazito. Kijana mmoja anayeuza simu Kariakoo aliuliza kama mtu anaweza kweli kusema ukweli katika biashara na bado akapata faida. Tulibishana kwa saa nzima, na sikutaka kumpa jibu jepesi, kwa sababu anayeuliza hivyo ameshakutana na ushuru, na wateja, na washindani wasiolipa kodi. Msichana anayesoma uhasibu mwaka wa pili aliuliza swali moja tu: kwa nini hesabu za usharika wetu zinabandikwa ubaoni na hazisomwi?

Nikamjibu kwamba zitasomwa. Tarehe 18 Mei nilisimama mimi mwenyewe na kuzisoma zote, jumuiya kwa jumuiya, pamoja na gharama ya jenereta ambayo watu wengi hawakuijua. Mikono minne ilinyooshwa. Baada ya ibada vijana waliendesha mnada wetu wa kwanza uani, pembeni ya magari: kuku wawili, nazi kumi na mbili, keki, na fenesi moja kubwa ambalo yule kijana wa Kariakoo alilinunua kwa shilingi 18,000 na kulirudisha.